Damu ya Caesar naidai kwa Brutus

Kila kikundi chetu cha maigizo hapa Kirumba kinapoanza mazoezi ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Caesar, mtawala wa Roma, ubishi ni uleule: nani abebe lawama ya kifo hicho? Wengi wanamtaja Cassius, mwasisi wa njama, si Brutus, rafiki wa Caesar aliyeshawishiwa kujiunga nayo. Wivu wake uko wazi, tena ndiye aliyeghushi barua zikatupwa dirishani kwa Brutus, zionekane zimetoka kwa wananchi wa Roma. Mimi ninayeongoza mchezo huu na kufundisha fasihi hapa Mwanza siafiki. Mzigo mkubwa ni wa Brutus.

Ushahidi uko mwanzoni mwa tendo la pili. Usiku, bustanini, Brutus anasema waziwazi kwamba Caesar hana budi kufa. Anakiri kwamba hana ugomvi naye binafsi, wala hajapata kuona hisia za Caesar zikiishinda akili yake. Hoja yake ni nini basi? Kwamba akivishwa taji huenda akabadilika. Anamwona kama yai la nyoka, la kuuliwa ndani ya ganda. Mtu anahukumiwa kifo kwa kosa ambalo hajalitenda! Na tazameni Shakespeare alivyopanga mambo: hukumu ikishatoka, ndipo kijana Lucius anapoingia na barua aliyoiokota dirishani. Ni kweli Cassius alishamchochea, na Brutus mwenyewe anasema tangu hapo hajapata usingizi. Lakini barua inamkuta ameshaamua.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama kwa jirani zetu wa Mara, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia hii mwaka 1963, akairudia na kuirekebisha mwaka 1969, akiwa Rais. Siamini kwamba kiongozi wa nchi changa aliipita bustani ile harakaharaka.

Baada ya hapo, kila penye jambo zito Cassius anashauri na Brutus anapangua. Cassius anataka Antony, rafiki mwaminifu wa Caesar, auawe pamoja naye; Brutus hataki. Cassius anamvuta pembeni amkatalie Antony kuhutubia mazishini. Brutus anaruhusu, tena anahutubia yeye kwanza, kisha anaondoka na kumwachia Antony umati mzima. Hata kabla ya vita vya Philippi dhidi ya jeshi la Antony, Cassius alitaka adui aachwe achoke kwa safari, Brutus akaamua waende wao. Inauma, kwa sababu nia yake ni safi. Antony mwenyewe, akiwa mbele ya maiti ya Brutus, anakiri kwamba katika waliokula njama ni huyu tu ambaye hakusukumwa na wivu.

Caesar naye ana lake: Artemidorus, anayeijua njama, anamsihi asome hati yake ya onyo kwanza kwa kuwa inamgusa yeye, naye anajibu kwamba yanayomgusa yeye yatakuja mwisho. Umati nao siusamehe. Cinna mshairi anajitetea kwamba yeye siye Cinna wa njama, wanamrarua vilevile. Aliyewahi kuona watu wanavyokusanyika sokoni ikishapigwa kelele ya “mwizi!” hahitaji kufafanuliwa onyesho hilo.

Ndiyo maana nafasi ya Brutus simpi mwigizaji mwenye uso wa hila. Nampa yule ambaye wenzake wangemkabidhi fedha za kikundi bila kuandikishana, na maneno ya bustanini namtaka ayaseme polepole, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu.