Kulalamika kwa Mwajiri Hakusimamishi Siku: Dhana Potofu kuhusu Ubaguzi wa Mwelekeo wa Kijinsia Kazini Marekani

Dhana: "Nisubiri idara ya rasilimali watu imalize uchunguzi wake, ndipo niende serikalini."

Hii ndiyo dhana ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wafanyakazi wenzetu wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, na kwa kawaida huisikia wakati muda umekwisha kupita. Mtu aliyefukuzwa, kunyimwa cheo au kunyanyaswa kazini kwa sababu ya mwelekeo wake wa kijinsia ana siku 180 za kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira, yaani EEOC, na muda huo hufika siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo kinachosimamia sheria inayokataza ubaguzi huo huo. Siku hizo hazisimami kwa sababu umemwandikia meneja barua, wala kwa sababu chama cha wafanyakazi kinasikiliza shauri lako. Mahakama ya Juu ililiamua jambo hilo mwaka 1976, na bado watu huniletea rundo la barua pepe za mwajiri zenye upole mwingi, kila moja ikiahidi kwamba suala "linafanyiwa kazi". Nafahamu kwamba tumelelewa kuyamaliza mambo ndani kabla ya kuyatoa nje, lakini hapa ustahimilivu huo humfaidi mwajiri peke yake. Endelea na uchunguzi wa ndani, kwa kuwa humnyima mwajiri kisingizio cha kwamba hakuarifiwa, ila uende EEOC wakati huo huo.

Hesabu yenyewe huwapotosha wengi: kwa aliyefukuzwa, siku huanza kuhesabiwa tangu alipoarifiwa uamuzi, hata kama aliendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa baadaye. Mtumishi wa serikali kuu ana muda mfupi zaidi, siku 45 tu, za kumwona mshauri wa fursa sawa wa idara yake. Aidha, kuulizia kupitia tovuti ya EEOC si kuwasilisha malalamiko. Malalamiko ni yale uliyoyatia saini. Nasisitiza pia, hata kama nitaonekana msumbufu, kwamba kumbukumbu za tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi ziwekwe nyumbani, kwa maana kompyuta ya ofisi hufungwa siku ile ile unapofukuzwa.

Dhana: "Marekani mwajiri humfukuza mtu kwa sababu yoyote."

Anaweza kumfukuza bila kutaja sababu, lakini si kwa sababu iliyokatazwa na sheria. Tarehe 15 Juni 2020, katika kesi ya Gerald Bostock, mtumishi wa Kaunti ya Clayton huko Georgia aliyefukuzwa baada ya kujiunga na ligi ya mpira wa softboli ya wapenzi wa jinsia moja, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza jambo hilo.

Dhana: "Sheria hii ni ya wapenzi wa jinsia moja tu."

Juni 2025 mahakama hiyo hiyo, kwa kauli moja, iliamua kwamba mwanamke wa Ohio aliyedai kubaguliwa kwa kuwa anapenda jinsia tofauti hawezi kudaiwa ushahidi mzito kuliko wengine.

Dhana: "Kampuni ni ndogo, kwa hiyo sina haki."

Sheria ya taifa huanzia wafanyakazi 15, lakini California huanzia 5, na New York huwabana waajiri wote.