Sofa iliyogoma mlangoni, na uongo mwingine wa fanicha

"Sebule bila seti ya sofa si sebule." Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka Keko, kwa mafundi wa fanicha, mwaka wa kwanza wa kupanga Dar es Salaam, nikatengenezesha sofa ya L bila kupima hata mlango. Ilifika jioni juu ya guta, ikagoma kuingia. Majirani wote wakageuka wahandisi. Mwishowe ilibidi fundi aje kung'oa miguu na mkono mmoja.

Ukweli uko kwenye futi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100, na kitanda cha 5 kwa 6 peke yake kinakula 30. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio, chora umbo la kiti sakafuni kwa chaki, kisha ukae nalo siku mbili. Ukijikuta unapita upande upande, jibu unalo. Sofa ya watu wawili, stuli zinazoingia chini ya meza na mkeka wa ukindu hupokea wageni vizuri tu.

"Nunua mninga, nyingine zote takataka." Hapa watu wengi wanapigwa. Sifa za mninga ni za kweli: hupungua kidogo sana ikikauka, na mchwa hauiwezi kirahisi. Ila kuna "mninga" za barabarani ambazo ni paini iliyopakwa rangi. Chomoa droo, ipindue, tazama pale ambapo vanishi haikufika. Mninga ni ya kahawia na ina uzito. Paini ni nyeupe inayoelekea njano, ina vifundo, na droo yake unainua kwa vidole viwili. Paini si dhambi, alimradi ulipie bei ya paini. Muulize fundi kama mbao imekauka na imetiwa dawa, kisha kitikise kitanda. Kilichoshikwa na misumari mitupu kitaanza kulia mapema, na ukuta wa nyumba ya kupanga hausitiri kitu.

"MDF haidumu." Inadumu pakavu. Ni nyuzi za mbao zilizokandamizwa kwa gundi. Kingo zake zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Kwa hiyo kabati liinuliwe kwa miguu, lisiguswe na maji ya deki. Na shelfu ya milimita 18 ikizidi sentimita 80 bila tegemeo, sahani zitaipinda katikati.

"Vitu vikizidi, ongeza kabati." Mara nyingi unaongeza mahali pa kusahau vitu. Wazee wa pwani walilijua hili: nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya ukuta wenyewe, makasha yana droo kwa chini, na samadari, vitanda vya kienyeji vya pwani, ziliinuliwa juu zikaacha mvungu wa haja. Wewe mwambie fundi akuongezee miguu ya kitanda ifike sentimita 35, kisha sukuma humo makasha ya plastiki yenye vifuniko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo, lakini mablanketi ya Julai huyainamii kila siku.

Kuhusu rangi nyeupe kukuza chumba: inasaidia kama kuna dirisha. Chumba chenye giza kikipakwa nyeupe kinabaki na giza, na alama za vidole vya watoto juu yake.