Vibete vyekundu: nyota ndogo zenye usumaku mkali

Kibete chekundu ni nyota ndogo, hafifu, isiyo na joto kama la Jua. Takriban robo tatu ya nyota za galaksi yetu ni za aina hii, ila hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Usidhani unyonge huo ni utulivu.

Ndani ya Jua, gesi hutokota kama uji katika tabaka la nje tu. Proksima Sentauri, kibete chekundu jirani yetu aliye umbali wa miaka ya nuru 4.24 na aliyegunduliwa Johannesburg mwaka 1915, ana uzito wa kama moja ya nane ya Jua, na yeye hutokota kuanzia kiini hadi juu. Gesi hiyo ina chaji za umeme. Ikivurugika huku nyota inajizungusha, huzaa sumaku. Hapo ndipo wataalamu wanapokuna vichwa, kwa sababu wengi waliamini sumaku ya Jua huzaliwa kwenye mpaka kati ya tabaka tulivu na lile linalotokota. Vibete vya namna hii havina mpaka huo, na bado baadhi yao wana sumaku ya maelfu ya gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) karibu uso mzima. Kwenye Jua, nguvu hiyo hupatikana ndani ya madoa meusi tu.

Mistari ya sumaku ikisokotana mno hukatika na kuungana upya, na nishati yote iliyobanwa hufyatuka kwa mara moja. Tarehe 1 Mei 2019 Proksima alilipuka hivyo: kwa sekunde chache mwanga wake wa urujuanimno uliongezeka mara 14,000 hivi. Sayari yake, Proksima b, iko karibu naye mara ishirini kuliko Dunia ilivyo karibu na Jua, kwa hiyo dhoruba kama hizo huipiga moja kwa moja.

Kwa kawaida kibete kichanga hujizungusha kasi na kulipuka mara nyingi zaidi. Uzee hukituliza, ingawa si kabisa. Nyota ya Barnard, kibete chekundu kingine, ni kongwe kuliko Jua, lakini mwaka 1998 ilinaswa ikilipuka.

Madoa nayo hudanganya. Mwaka 2018 ilidaiwa kwamba kibete chekundu AD Leonis kina sayari inayokizunguka kila baada ya siku 2.2, muda uleule ambao nyota yenyewe hutumia kujizungusha. Vipimo vilivyofuata vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) vilionyesha kuwa ni madoa yake tu yaliyokuwa yakipita nyota ilipojizungusha, yakaiga dalili za sayari.