Baiskeli kati ya mito na polda za Uholanzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetaka kuzunguka kwa baiskeli mashambani Uholanzi hupewa ushauri mwingi kabla hajaondoka. Mwingi hutoka kwa watu waliokaa Amsterdam siku mbili wakadhani wameimaliza nchi. Mimi naipenda sana sehemu ile iliyo kati ya mito Lek, Waal na Linge, inayoshuka kuelekea magharibi hadi Kinderdijk, na huniuma mtu akiipita mbio, au akaacha kwenda kabisa, kwa sababu ya maneno aliyosikia. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Nchi ni tambarare, kwa hiyo hakuna kazi"

Ni tambarare kweli. Ukiacha visiwa vyake vya Karibea, sehemu ya juu kabisa ni Vaalserberg, mita 322 tu, nayo iko pembe ya kusini mashariki, mbali na mito ninayoizungumzia. Lakini utambarare huohuo ndio unaoufungulia upepo njia. Juu ya tuta la mto hakuna mti wala nyumba ya kukukinga, na ukikutana na upepo wa mbisho utakanyaga pedali kama mtu anayepanda mlima usio na kilele. Wenyewe wana mashindano ya taifa ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo, juu ya kizuizi cha bahari cha Oosterschelde, kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia, na hufanyika dhoruba ikija.

Upepo huvuma zaidi kutoka kusini magharibi. Anayetaka starehe huangalia utabiri asubuhi, hupanda treni hadi upande unakotoka upepo, kisha hurudi akisukumwa mgongoni. Baiskeli huingia kwenye treni kwa tiketi yake, isipokuwa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12:30 jioni. Baiskeli ya kukunja hailipiwi.

"Polda ni ardhi iliyonyang'anywa baharini"

Polda ni ardhi ya chini iliyozungukwa na matuta, ambayo maji yake hutolewa na watu. Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayomnyima msafiri utamu mwingi.

Kwa mkoa wa Flevoland ni sawa. Tuta la Afsluitdijk lilifungwa mwaka 1932, ghuba ya Zuiderzee ikageuka ziwa la maji baridi, na baadaye sehemu zake zikakaushwa. Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikuwa ziwa. Wafanyabiashara wa mjini walitoa fedha, vinu zaidi ya 40 vikavuta maji, na kazi ikamalizika mwaka 1612. Ukipita huko utaona barabara na mitaro iliyonyooka ikikatana kwa pembe mraba, kwa sababu ramani ya mashamba ilichorwa na watu na ardhi ikagawanywa kuifuata.

Alblasserwaard na Krimpenerwaard, pande mbili za mto Lek, zina historia nyingine kabisa, ingawa wengi huzipita wakiamini wako kwenye sakafu ya bahari ya zamani. Hizi zilikuwa vinamasi vya mboji, tabaka juu ya tabaka la mimea iliyooza nusu, na uso wake ulikuwa juu ya maji ya mito. Miaka elfu moja hivi iliyopita wakulima walichimba mitaro ili maji yatoke wapate kulima. Mboji ikikosa maji hukutana na hewa, huoza na kusinyaa. Ardhi ikashuka. Iliposhuka, maji yakarudi, mitaro ikachimbwa zaidi, ardhi ikashuka tena. Kufikia karne ya 15 maji hayakuweza tena kutiririka yenyewe kwenda mtoni, ndipo vinu vya upepo vikaanza kuyainua. Yaani watu hawa waliishusha nchi yao wenyewe kwa jembe, na tangu hapo wanalazimika kuyatoa maji kila siku ya Mungu. Inaendelea kushuka hadi leo, na mabishano kuhusu kima cha maji kwenye mitaro, kati ya wafugaji na wanaotaka mboji ibaki na maji, ni siasa hai kabisa. Kuna halmashauri maalumu za maji, 21 kwa sasa, zinazochaguliwa kwa kura na kutoza kodi yake. Baadhi zina mizizi ya karne ya 13.

Kwa mwendo wa baiskeli haya yote yanaonekana, na gari haliwezi kukuonyesha. Mitaro iliyojaa hadi ukingoni na vipande vya malisho vyembamba, virefu hadi macho yanachoka: uko kwenye mboji. Umeteremka ghafla, mistari imenyooka, kuna viazi na ngano mahali pa ng'ombe: umeingia ziwa lililokaushwa. Karibu na Gouda, Zuidplaspolder inafika mita 6.76 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko pote nchini. Mara nyingine njia inapita juu ya ukingo wa mfereji mkubwa, na upande mmoja boti inaelea juu kuliko migongo ya ng'ombe walio upande wa pili.

Ukielekea mashariki, Betuwe, hadithi ni ya mto. Mafuriko ya kale yaliangusha mchanga karibu na kingo na kuupeleka mbali udongo mzito wa mfinyanzi. Ndiyo maana vijiji na bustani za matofaa, mapea na cheri viko kwenye miinuko midogo kandokando ya Linge na Waal, na nyuma yake kuna majani na unyevu. Miti huchanua Aprili, na wakati huo Linge hustahili siku nzima.

Kuna jambo moja ambalo ningemwomba kila mtu alitazame: kona za matuta. Unaendesha juu ya tuta lililonyooka, mara linapinda bila sababu, linazunguka kidimbwi cha mviringo, kisha linarudi kwenye mstari wake. Kidimbwi hicho huitwa *wiel*. Hapo ndipo tuta lilipovunjika zamani, maji yakaingia kwa nguvu na kuchimba shimo lenye kina kirefu kiasi kwamba kulizunguka kulikuwa rahisi kuliko kulifukia.

"Vinu vile ni vya kusagia nafaka, na siku hizi ni vya picha tu"

Vinu vya kusaga vipo, hasa mijini, ambako hujengwa virefu ili viupate upepo juu ya mapaa. Vya polda kazi yake ni maji. Kinderdijk vipo 19, vingi vikiwa vya mwaka 1738 na 1740, na UNESCO iliviorodhesha mwaka 1997. Maji ya mitaro ya mashambani yaliinuliwa hadi kwenye bwawa la akiba lililo juu kidogo, yakasubiri hapo, na mto Lek ukipungua yalifunguliwa kwenda mtoni. Pampu ndizo zinazofanya kazi hiyo leo, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta yalipoadimika vinu vilirudishwa kazini. Ndani ya baadhi bado wanaishi watu. Njia inayopita katikati ni ya watembea kwa miguu na baiskeli. Nenda asubuhi mapema au jioni, maana mchana wa kiangazi watu hujaa hadi kengele yako haina faida.

"Mito imeshafungwa, haina neno"

Mwishoni mwa Januari 1995 maji ya Waal na Maas yalipanda hadi watu wapatao 250,000 wakahamishwa. Baada ya hapo serikali ilibadili fikra: pamoja na kuinua matuta, mto ukapewa nafasi. Huko Nijmegen tuta la upande wa Lent lilirudishwa nyuma mita 350 na mkono mpya wa mto ukachimbwa. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: malisho yaliyo kati ya mto na tuta kuu yameachwa yafurike, kwa hiyo njia nzuri uliyoipita Julai inaweza kuwa chini ya maji Januari.

"Mashambani huko hakuna magari"

Yapo. Matuta mengi ya Lek na Waal yana barabara nyembamba inayotumiwa na wote, na Jumapili yenye jua waendesha pikipiki huyapenda kama wewe unavyoyapenda. Safari isiyo na magari inapatikana kwa kuchagua njia: njia za kando ya mifereji ambako zamani farasi walivuta mashua za abiria, kingo ndogo za ndani ya polda, na njia zenye kibao cha bluu cha baiskeli. Kando ya mto mdogo Vlist, kati ya Haastrecht na Schoonhoven, ukingo mmoja una barabara ya magari na wa pili ni mtulivu zaidi, chini ya mierebi. Chagua huo. Ukiona lami nyekundu na kibao kinachosema *auto te gast*, gari linaruhusiwa, ila kama mgeni.

Silaha kubwa zaidi ni pantoni ndogo. Mito hii ina madaraja machache, na kati yake kuna vyombo vidogo vinavyovusha watu wa miguu na baiskeli tu. Kwa kuwa gari haliwezi kuvuka hapo, njia za pande zote mbili huwa na amani. Nyingi hufanya kazi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, kwa hiyo hakikisha ratiba kabla hujapanga mzunguko unaoitegemea. Na Jumapili, Alblasserwaard na jirani zake wana Waprotestanti wanaoshika sana siku hiyo. Sehemu nyingi za chai hufungwa. Beba mkate wako.

"Waholanzi ndivyo walivyo, wamezaliwa na baiskeli"

Miaka ya 1950 na 1960 magari yalikuwa yanaifukuza baiskeli huko kama kwingineko. Mwaka 1971 watu 3,300 hivi walikufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika makala yaliyozaa vuguvugu la *Stop de Kindermoord*, yaani komesheni mauaji ya watoto. Kisha mafuta yakawekewa vikwazo, na kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 hadi mwanzoni mwa Januari serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu waliona barabara zao zikiwa tupu, na hawakusahau. Njia unazozifurahia zilidaiwa na wazazi waliokaa barabarani kupinga. Nchi yoyote inaweza kudai hivyo.

"Bila intaneti utapotea"

Makutano ya njia yana namba. Unaandika namba zako kwenye kikaratasi na kufuata vibao vya kijani kutoka namba hadi namba. Mfumo ulibuniwa Limburg ya Ubelgiji, ukafunguliwa mwaka 1995, na mbunifu wake, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi. Zaidi ya hapo kuna alama fupi zenye umbo la uyoga, zilizoanza kuwekwa mwaka 1919.

"Lazima baiskeli ya mbio na mavazi yake"

Baiskeli ya kawaida ya Mholanzi ni ile ya kukaa wima, yenye fremu nzito na kifuniko cha mnyororo, ambayo aliyekulia kwenye Phoenix ataitambua mara moja. Helmeti si sharti la sheria kwa baiskeli ya kawaida. Taa usiku ni sharti. Jihadhari na jambo moja unapokodi: nyingi hufunga breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Jaribu kwenye uwanja mtupu kwanza.

"Mwendo wa polepole hauhitaji sheria"

Kuendesha wawili sambamba kunaruhusiwa, watatu hapana. Kushika simu mkononi ni kosa tangu Julai 2019. Pasipo na alama, anayetoka kulia kwako hupita kwanza, awe kwa gari au kwa baiskeli. Na pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani, ncha zikikuelekea wewe, anayepaswa kupisha ni wewe.