Utarajali wa kulipwa kwa wanamuziki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanafunzi wa muziki anaweza kurudia mistari minane ya nota mpaka jirani atamani kuhama. Lakini ikija fomu ya utarajali wa kulipwa, yaani mafunzo ya kazini yenye malipo, kwenye okestra, tamasha, kampuni ya kurekodi au maktaba ya sauti, anaijaza usiku wa mwisho huku akitegemea maneno aliyoyaokota kwenye korido za chuo. Mengi ya maneno hayo si kweli. Ukiyachunguza utaona karibu yote yana mzizi mmoja: mwombaji hajajiuliza hizo fedha ni za nani, na zimetolewa zifanye kazi gani.

"Cha kwanza ni rekodi nzuri"

Kama tangazo halijaomba rekodi, usiitume. Zipo nafasi za kulipwa kwa ajili ya kupiga au kuimba, nyingi zikiwa chini ya akademia za okestra na nyumba za opera, na hizo zina usaili wake wenyewe. Utarajali kwa kawaida ni kazi ya nyuma ya jukwaa, na anayesoma maombi yako anatafuta mtu wa kumpunguzia mzigo kuanzia Jumatatu.

Chukua chumba cha nota cha okestra. Kiongozi wa violini akishaamua upinde ushuke wapi na upande wapi, na viongozi wa viola, selo na besi wakishalinganisha za kwao, alama hizo zinakiliwa kwa penseli kwenye nakala ya kila meza (wapigaji wawili wanaosoma nota moja) kabla ya zoezi la kwanza. Mtarajali ndiye anayeshika ile penseli. Nakala nyingine si mali ya okestra hata kidogo, zimekodiwa kutoka kwa mchapishaji, na zoezi la mwisho likiisha, mtarajali huyohuyo ndiye anayezihesabu na kuzifuta kabla hazijarudishwa. Hakuna mtihani wa chuo unaopima hilo. Lakini mtu aliyewahi kukaa meza ya nyuma akakuta alama zake hazifanani na za meza ya mbele anaijua adha hiyo, na sentensi mbili za kuieleza zina uzito kuliko dakika kumi za rekodi.

Maktaba za sauti ni hivyohivyo. Moses Asch alianzisha kampuni ya kurekodi ya Folkways Records, huko Marekani, mwaka 1948. Taasisi ya Smithsonian ilipoichukua mwaka 1987, ilikubali sharti kwamba albamu zote, zaidi ya 2,000, ziendelee kupatikana, hata zile ambazo wanunuzi wake ni wa kuhesabu. Sharti la namna hiyo huzaa kazi isiyo na mwisho: nani aliimba, kwa lugha gani, nani alirekodi, haki ziko kwa nani, maelezo ya jalada yako wapi. Sikio lililofundwa lina thamani kubwa kwenye kazi hii, maana linaweza kusema kwamba kilichoandikwa "gitaa" kwenye kadi ni ala nyingine kabisa. Hapo ndipo muziki wako unapoingia kwenye maombi.

"Ufadhili ni ufadhili, wa nani haijalishi"

Inajalisha sana, maana mfuko ndio unaoamua uandike kwa nani na uandike nini.

Tangu mwaka 2000 Kaunti ya Los Angeles imekuwa na mpango wa utarajali wa sanaa wa wiki kumi. Kaunti haimwajiri mwanafunzi. Inatoa ruzuku kwa mashirika ya sanaa yasiyo ya faida, kisha mashirika yenyewe yanatangaza na kuajiri. Anayeiandikia kaunti amebisha mlango usio wake. Na kwa kuwa ni fedha ya umma wa pale, walengwa ni wanafunzi wanaoishi au wanaosoma kwenye kaunti hiyo, kwa hiyo mwenye anwani ya mbali asipoteze usiku wake. Mpango huo uliundwa uende sambamba na ule wa Getty, taasisi ya sanaa ya hapohapo Los Angeles, ulioanza mwaka 1993, ambao unahusu makumbusho na sanaa za kuonwa. Kwa haraka haraka matangazo ya mipango hiyo miwili yanafanana, lakini mpiga tarumbeta ana nafasi halisi kwenye mmoja tu.

Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwapeleka wanafunzi nchi nyingine, imekaa tofauti. Ruzuku yake ya mafunzo kazini, ya miezi 2 hadi 12, hupitia chuoni kwako na si kwa mwenyeji. Unaweza kupendwa na tamasha zima, mkurugenzi akakuandikia barua ya kukusubiri kwa hamu, na fedha isitoke kwa sababu ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako haina mgao uliobaki. Tena fedha yenyewe ni ya kusaidia gharama za kuishi ugenini, si mshahara. Mwenyeji anaruhusiwa kukuongezea, na wakati mwingine sheria ya nchi yake inamlazimu.

Halafu upo mfuko wa tatu, wa bajeti ya taasisi yenyewe, na huu ndio wenye masharti machache kuliko yote. Ile mingine miwili ni tofauti, maana fedha ya mtu mwingine hufuatwa na ripoti: shirika litalazimika kumweleza mfadhili mtarajali alijifunza nini. Kwa hiyo mwombaji anayetaja waziwazi anachotaka kujifunza (kuandaa mikataba ya wasanii, kusajili kazi kwenye chama cha mirabaha, kupanga ratiba ya mazoezi) amemwandikia msimamizi nusu ya ripoti kabla hajaajiriwa. Anayesema "niko tayari kufanya lolote" amemwachia kazi.

"Ngoja nimalize chuo kwanza"

Katika yote, hili ndilo linaloumiza wengi, na linaumiza kimyakimya, maana hakuna anayekuandikia kukwambia kwamba mlango umefungwa.

Ufaransa ni mfano mkali. Utarajali wa kule husimama juu ya mkataba wa pande tatu: mwanafunzi, chuo chake na mwenyeji. Hakuna chuo, hakuna mkataba, na bila mkataba hakuna utarajali. Mwanafunzi aliyesajiliwa analindwa vizuri: ukizidi miezi miwili mwenyeji analazimika kumlipa posho, na hauruhusiwi kupita miezi sita kwa mwenyeji mmoja kwa mwaka wa masomo. Mhitimu wa juzi, hata awe na shahada ya daraja la kwanza, hana pa kuingilia kwa njia hiyo.

Erasmus+ inawapokea wahitimu, ila kwa kitanzi. Mafunzo lazima yamalizike ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na chuo lazima kiwe kimekuchagua ungali mwanafunzi, katika mwaka wako wa mwisho. Anayezinduka miezi mitatu baada ya mahafali huona kalenda ina miezi tisa mbele, kumbe hesabu ilishafungwa siku alipovaa joho.

Marekani, kwa viza ya J-1 (ya wageni wa mipango ya kubadilishana na mafunzo), ngazi ya mtarajali ni ya mwanafunzi wa chuo cha nje ya nchi hiyo au aliyehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa muda usiozidi miezi 12. Ukipitwa hapo unahamia ngazi nyingine, ya mafunzo ya kazi hadi miezi 18, ila sasa unadaiwa shahada na mwaka mmoja wa uzoefu nje ya Marekani, au miaka mitano ya uzoefu kama huna shahada. Mwenyeji naye hujaza fomu DS-7002, ambayo ni mpango wa mafunzo hatua kwa hatua, na kazi za ukarani wa kawaida haziruhusiwi kuzidi asilimia 20. Mashirika madogo ya muziki, yenye watu watatu na mashine moja ya kunakili, hukata tamaa kwenye fomu hiyo. Ushauri wangu: jitolee kuandika rasimu yake. Wewe ndiye unayejua unachotaka kujifunza, na msimamizi aliyeelemewa atashukuru.

Kwa hiyo kabla ya barua, kabla ya wasifu, tafuta mstari unaosema nani anastahili. Ukikuta neno "mwanafunzi", tafuta kama wanamaanisha siku ya kuomba, siku ya kuanza au muda wote wa mafunzo. Ni vitu vitatu tofauti.

"Sanaa hailipi, anza kwa kujitolea"

Hii husemwa na watu wazima wenye nia njema, na kuna nchi ambako sheria inawapinga. Uingereza ina Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 1998, ambayo haiangalii umeitwa nani bali unafanya nini. Ukifanya kazi kama mfanyakazi, unalipwa kama mfanyakazi. Ipo misamaha: mwanafunzi ambaye kozi yake inamtaka afanye mafunzo yasiyozidi mwaka, na wanaojitolea kwenye mashirika ya hisani. Taasisi nyingi za sanaa ni za hisani, ndiyo maana mjadala haujaisha kule.

Ujerumani tangu Januari 2015 utarajali wa hiari unaozidi miezi mitatu hulipwa kima cha chini. Ule ambao chuo kimeuweka kuwa wa lazima haumo. Angalia mtego uliopo: barua ya chuo inayosema "mafunzo haya ni sehemu ya lazima ya kozi" inaweza kukupa nafasi kwa urahisi na papo hapo ikakuondolea haki ya mshahara. Baadhi ya wenyeji huiomba barua hiyo kwa sababu hiyohiyo. Usiichukue kabla hujajua unabadilishana nini.

Marekani msimamo ulipinduka njiani. Watarajali wa filamu ya Black Swan walifungua kesi mwaka 2011 na mwaka 2013 jaji akawapa haki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo na kuweka kipimo kingine: nani ananufaika zaidi, mwenye kampuni au mwanafunzi? Wizara ya Kazi ilikipokea kipimo hicho mwaka 2018. Kwa hiyo utarajali usio na malipo kwenye kampuni ya biashara kule unaweza kuwa halali, kama mafunzo yana faida kwako kuliko kwao.

Mimi sina ugomvi na kujitolea wikiendi moja kwenye tamasha. Miezi sita ya kuendesha mitandao ya kijamii ya kampuni yenye faida bila senti ni jambo lingine, na kuiita uzoefu hakuibadilishi.

"Wakitaka ulipe chochote, ni utapeli"

Si lazima. Ada ya viza hulipwa, na mashirika yanayodhamini J-1 hutoza ada zao kihalali. Cha kukukimbiza ni mwenyeji anayetaka umlipe yeye ili akupe kazi.

"Wamesema wanalipa, basi yameisha"

Uliza wanalipa lini. Posho inayolipwa mwisho wa mwezi wa kwanza haikusaidii kodi ya nyumba inayodaiwa siku unayofika, na ruzuku nyingine hubakiza sehemu mpaka utakapowasilisha ripoti. Uliza bima, nauli, kodi ya mapato. Wanamuziki husahau la kwao: mpiga selo anayeruka na ala yake kwa kawaida huinunulia kiti cha pili, na mfadhili asiyejua hilo hajaliweka kwenye bajeti. Uliza pia kama kuna chumba cha kufanyia mazoezi baada ya saa za kazi. Taasisi ya muziki haitashangaa kuulizwa hivyo, na jibu lao litakuonyesha wanavyowachukulia watarajali.

"Barua nzuri ni ile inayoonyesha mapenzi ya muziki"

Kila mwombaji anapenda muziki. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Nimekuwa na mapenzi makubwa na muziki tangu utotoni na ninaamini taasisi yenu mashuhuri itanisaidia kufikia ndoto zangu." Ya pili: "Kwa misimu miwili nimepanga mazoezi ya kwaya ya chuo yenye waimbaji 40, nimejifunza kwamba ratiba ikitumwa Alhamisi badala ya Jumapili, wanaochelewa hupungua, na ningependa kuona mnavyopanga wageni wanaotoka nchi tano kwa wakati mmoja." Ya pili haina sifa hata moja, lakini msomaji ameshamwona mtu akifanya kazi. Pia haiwezi kutumwa kwa taasisi nyingine bila kubadilishwa, na hicho ndicho kipimo changu cha barua: ukibadilisha jina tu na ikabaki na maana, haijaiva.

"Mwalimu wangu wa ala ndiye mdhamini bora"

Anaweza kuwa mmoja wapo. Atasema sauti yako ina joto na unashika mdundo, kweli tupu, na msimamizi wa ofisi ya tamasha hatajua aifanyie nini. Mdhamini wa pili awe mtu aliyekuona ukitunza funguo, ukijibu barua pepe, ukihesabu viti. Hata katibu wa kwaya anafaa. Mtumie tangazo lenyewe pamoja na mistari michache kuhusu kazi mliyofanya pamoja, wiki tatu kabla, si siku tatu. Na mwambie aangalie folda ya barua taka: mifumo mingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, na maombi yako hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka barua yake iingie.