Je, wajua kwa nini washauri nasaha hawatumii njia moja?

Mwaka 1965 ilitoka filamu nchini Marekani ikimwonyesha mwanamke mmoja, mtalikiwa mwenye binti mdogo, akizungumza kwa zamu na magwiji watatu wa tiba ya mazungumzo. Alipomuuliza Carl Rogers kama amweleze binti yake ukweli kuhusu maisha yake ya mapenzi, Rogers hakumpa jibu. Alimsikiliza na kumrudishia kwa maneno kile alichoona anakipitia. Fritz Perls alimbana: anasema anaogopa, mbona anatabasamu? Albert Ellis yeye aligeuka mwalimu, akamchambulia jinsi anavyojitisha mwenyewe kwa mawazo yake. Mtu yuleyule, vikao vitatu visivyofanana hata kidogo.

Hulka zao zilichangia, lakini kubwa zaidi ni kwamba kila mmoja alikuwa na jibu lake kwa swali hili: maumivu yanashikiliwa na nini?

Wanaomfuata Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuchimbua nafsi, hutafuta mzizi utotoni, na katika yale ambayo mtu anayabeba bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana tiba yao inaweza kuchukua miaka. Rogers aliamini mtu ana uwezo wa kuinuka mwenyewe akipata wa kumsikiliza kwa dhati bila kumhukumu.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alisomea njia ya Freud, ila miaka ya 1960 huko Philadelphia alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona (huzuni nzito inayomlemea mtu) wanapitiwa na mawazo ya haraka ya kujishusha, ambayo hawayasemi wala kuyahoji. Akayageuza mawazo hayo kuwa kiini cha tiba. Chukua mfano: umemtumia rafiki ujumbe, ameusoma, kimya. Wazo linakuja: "Amenichoka." Unanyong'onyea, humtafuti tena, na ukimya wenu unageuka ushahidi kwamba ulikuwa sahihi. Mshauri wa mkondo huu atakupa karatasi uandike tukio, wazo na hisia, kisha akuulize una ushahidi gani, na kama hakuna maelezo mengine. Halafu kazi ya nyumbani (naam, kama shuleni): mpigie simu.

Kwenye hofu na kiwewe, maongezi matupu mara nyingi hayafui dafu. Hapo mtu husaidiwa kukikaribia anachokiogopa hatua kwa hatua, hadi mwili uzoee kwamba hatari haipo tena. Wapo pia wanaotumia uchoraji au muziki, na wanaoita familia nzima kikaoni.

Ipi bora? Tangu 1936 mwanasaikolojia Saul Rosenzweig alidokeza kwamba tiba zinazopingana kinadharia zina mambo ya pamoja yanayoponya, na tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kuwa maelewano kati ya mshauri na mteja huenda sambamba na matokeo mazuri. Hata hivyo, mtu anayeogopa lifti simshauri aanze kwa kuchimbua utoto wake. Afanyiwe mazoezi ya lifti.

Kwa hiyo kikao cha kwanza uliza: tutafanya nini hapa, kwa nini, na tutajuaje kama inasaidia? Mshauri anayekereka kwa maswali hayo, mimi ningetafuta mwingine.