Anza na mkoma, usianze na mnazi

Watu wakitaka kuchora mti kwa kodi ya kompyuta huku kwetu Malindi wanakimbilia mnazi, manake ndio uko kila mahali, lakini mnazi ni shina moja na makuti juu, hauna matawi, sasa rikasheni, yaani programu kujiita yenyewe tena na tena, itashika wapi? Mimi wanaoanza nawaambia mkoma. Ukielekea Mambrui utauona, shina linapanda linagawanyika mbili, kila upande unagawanyika tena mbili, na kwenye ukoo wa minazi na mikindu ni nadra sana kupata mti wa hivo. Naupenda mno, hauhitaji hata maelezo mengi.

Fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina, naiita mkoma(urefu, kina); urefu ni wa mstari, kina ni ngazi ngapi za matawi zimebaki. Kina kikiwa 0 inaishia hapo bila kuchora kitu. Kama sio 0, inachora mstari wa urefu huo, inageuka kushoto digrii 25, inajiita yenyewe mkoma(urefu*0.7, kina-1), inageuka kulia digrii 50, inajiita tena vilevile, kisha kushoto 25 na inarudi nyuma urefu uleule. Basi, imeisha. Kina cha 5 ni mistari 31, cha 10 ni 1023.

Huko kurudi nyuma ndiko kwenye kazi yenyewe. Ukikutoa, tawi la kulia halioti pale shina lilipogawanyika, linaota kwenye ncha ya tawi la kushoto na mti wote unavurugika. Na ukitoa lile sharti la 0, programu haifiki kulia kabisa, inakwenda kushoto, kushoto, kushoto, mistari ikizidi kufupika, unaona kitu kinajikunja kama gamba la konokono mpaka Python, lugha ya programu ninayotumia, ikatae yenyewe, kawaida karibu na miito 1000.

Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia Mhungari aliyefanya kazi Utrecht, mwaka 1968 alileta njia ya kuandika mmea kwa herufi zinazobadilishwa tena na tena, mfano F inakuwa F[+F]F[-F]F, F ikiwa ni kuchora mstari, + na - ni kugeuka upande mmoja na mwingine. Yale mabano ni kulekule kurudi nyuma: [ inahifadhi ulipo na unakoelekea, ] inakurudisha hapo.

Ukishaelewa, acha kompyuta ichague pembe kati ya 15 na 35, mti utaacha kuwa sawa pande zote. Kina kikifika 0 chora mistari mifupi iliyotawanyika kama jani la mkoma, badala ya kuishia hapo tu. Na usizidishe kina, mkoma wa kweli haugawanyiki mara kumi, weka 4 au 5.